Sauti zimenyamaza, kumbukumbu bado haijarudi

Kabla hata minada ya korosho haijaanza, nilitumiwa ujumbe uleule kwenye simu na watu watatu wasiojuana. Mmoja yuko Newala, mwingine Mtwara mjini, wa tatu ni shangazi yangu wa huko Nachingwea, ambaye kijana wake anahudhuria kliniki ya afya ya akili mwaka wa sita sasa. Ujumbe unasema Wamarekani wamepata dawa "inayorudisha akili" kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na kwamba ikifika nchini mateso yote yatakwisha. Shangazi hakuniuliza bei wala tarehe. Aliuliza, "Mwanangu, ikija hiyo dawa, kaka yako ataweza kukumbuka tena?" Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali hilo, maana jibu lake la kweli ni hapana, na bado kuna mengi ya kumwambia baada ya hapana hiyo.

Dawa yenyewe ipo. Inaitwa Cobenfy, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Septemba 2024. Ni habari kubwa kweli, kwa kuwa dawa za skizofrenia kwa miongo mingi zimekuwa zikifanya kazi kwa njia moja, ya kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na hii imepita njia nyingine. Lakini haikuidhinishwa kama dawa ya kumbukumbu. Iliidhinishwa kutibu ugonjwa kwa maana tuliyoizoea: sauti zisizokuwepo, imani zisizo na msingi, fikra zinazovurugika. Miezi michache baadaye, Januari 2025, kampuni ya Ujerumani iitwayo Boehringer Ingelheim ilitangaza kwamba dawa yake iclepertin, iliyokuwa ikijaribiwa mahususi kwa ajili ya kumbukumbu na uwezo wa kufikiri wa wagonjwa hawa, imeshindwa katika hatua ya mwisho ya majaribio. Habari hii ya pili sikuiona katika ujumbe wowote. Kwa hiyo tunangojea kidonge kwa tatizo ambalo hadi sasa halina kidonge, na tukiwa tunangoja tunaacha kilicho mikononi mwetu. Msimamo wangu ni kwamba kusahau ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kunaamua kwa kiasi kikubwa kama mtu ataishi kwa jasho lake, na msaada wake mkubwa uliopo leo ni kubadili namna tunavyomfundisha na kumwagiza.

Huku kwetu kusini ukiuliza hali ya mgonjwa wa akili, jibu la furaha kabisa ni "katulia". Hapigi kelele usiku, hakimbilii porini, hazungumzi peke yake sokoni. Kipimo hicho kina historia, na hakikuanzia kwetu. Mjerumani Emil Kraepelin, aliyeueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1890, aliupa jina la Kilatini lenye maana ya akili kupungua mapema. Udhaifu wa akili ndio uliokuwa moyo wa maelezo yake. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi akaleta jina la skizofrenia. Kisha mwaka 1952, huko Paris, madaktari wakaanza kutumia dawa iitwayo klopromazini, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa akisikia sauti mchana kutwa akapata utulivu. Ulikuwa ukombozi, sitaki kuupunguza hata chembe. Ila tangu hapo madaktari na ndugu wote waliegemea kupima kupona kwa ukimya wa sauti. Mwaka 1996 Michael Green wa Los Angeles alikusanya tafiti zilizokuwepo na kuangalia ni nini kinachoendana na maisha ya mgonjwa baada ya matibabu: kazi, kujifunza stadi, kuishi na watu. Kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuwa makini ndivyo vilivyojitokeza. Sauti na imani potofu hazikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Mtu anaweza kutulia kabisa na bado asiweze kumaliza siku moja ya kibarua bila kugombana na msimamizi.

Nilimwona kijana wa shangazi mwenyewe. Alitumwa dukani vitu sita: kiberiti, dagaa, sabuni ya kipande, nazi, mafuta ya taa na chumvi. Mama yake alivitaja akiwa anapepeta mchele, kwa pumzi moja, kama sote tunavyoagiza. Kijana alirudi na kiberiti na chenji kamili, hakupoteza hata shilingi. Alisimama mlangoni akimtazama mama yake usoni, akisubiri kujua amekosea wapi. Siku ya pili niliomba tujaribu vingine. Shangazi aliweka ungo chini, akamwita karibu, akamshika kidole gumba: "Vya kuwashia, kiberiti na mafuta ya taa." Akashika cha shahada: "Vya mboga, dagaa, nazi, chumvi." Cha kati: "Cha kufulia, sabuni." Akamwambia ayarudie. Akayarudia polepole, akishika vidole vyake mwenyewe. Alirudi na vitu vitano. Alisahau sabuni.

Wataalamu wamelifanya jambo hilihili kwa miaka mingi wakitumia orodha za maneno. Unamsomea mtu maneno kumi na kitu, na ndani yake kuna makundi yaliyofichika, matunda haya, zana zile. Watu wengi huyapanga wenyewe kichwani bila kujua kwamba wanayapanga. Mwenye skizofrenia mara nyingi hayapangi, na maneno yanabaki yametawanyika kama mabibo chini ya mkorosho. Akionyeshwa makundi, au akiulizwa swali la maana juu ya kila neno ili alitafakari, anakumbuka zaidi. Na kuna matokeo mengine ninayoyaona muhimu kuliko yote: kile kilichoingia sawasawa hakimtoki upesi sana kupita watu wengine. Mkulima yeyote wa Tandahimba atanielewa nikisema kwamba ghala halivuji sana. Shida kubwa iko kwenye mzani wa kupokelea, mzigo ulipita bila kuandikwa. Ukimwambia "nilikwambia jana ukasahau", huenda jana hukuwa umemwambia kwa namna ambayo ubongo wake ungeweza kupokea.

Wapo wanaosema ni uvivu, au anajisahaulisha. Baba yangu mdogo, ambaye kwa kijana huyu ni mjomba, na kwetu kusini neno la mjomba ni zito, alikuwa akilisema hili waziwazi. Hoja yake si ya mtu mkatili. Alisema: mbona anasoma Kurani aliyofundishwa chuoni utotoni bila kukosa herufi? Mbona anaendesha baiskeli na magunia mawili nyuma? Mbona aliyemtukana kwenye msiba miaka mitano iliyopita anamtaja kwa jina? Nimeisikia hoja hii kwa maneno tofauti kutoka Mikindani hadi Ruangwa, na kati ya zote ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu inachukulia kumbukumbu kuwa mfuko mmoja. Kurani ile iliingia kabla ya ugonjwa, ikarudiwa mara elfu, tena kwa sauti yenye mahadhi. Baiskeli inakaa katika kumbukumbu ya mikono na miguu, ambayo katika skizofrenia huathirika kidogo kuliko kumbukumbu ya maneno. Tusi la msibani lilichomwa moyoni kwa uchungu. Agizo jipya, lililosemwa mara moja, kwa haraka, na mtu anayeangalia pembeni, halina hata kimoja cha hivyo vitatu. Hali kadhalika kukosa msukumo wa kuanza jambo, ile hali ya kukaa chini ya mwembe hadi jua linazama, ni dalili inayojulikana ya ugonjwa huu. Anayemchapa mtu kwa dalili yake hamfundishi kitu.

Hoja ya pili ni nzito, na siwezi kuipita mbio. Ndugu wengi husema dawa ndizo zinazoua kumbukumbu: alipokuwa mgonjwa alikuwa anajua kila kitu, tangu aanze sindano amekuwa kama gogo. Wana sehemu ya ukweli. Haloperidol na fluphenazine, ile sindano ya kila mwezi, zinaweza kumfanya mtu akakamae, atetemeke, atembee kama mzee. Ili kupunguza hayo hupewa benzhexol. Kidonge hicho kidogo hupunguza nguvu ya kemikali iitwayo asetilikolini, na ubongo unaihitaji kemikali hiyohiyo kuandika mambo mapya. Kwa hiyo mtu mwenye kumbukumbu dhaifu anaongezewa kitu kinachoidhoofisha, na wakati mwingine anaendelea nacho kwa miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza kama bado anakihitaji. Dozi kubwa inayomfanya asinzie mchana nayo huharibu usikivu. Shangazi ana haki ya kumuuliza daktari: "Hii benzhexol bado ni ya lazima? Haiwezi kupunguzwa kidogokidogo?" Hilo ni swali la kitabibu, na daktari mzuri atalifurahia.

Lakini kutoka hapo kwenda kusema "basi aache dawa" ni kuruka shimo na kuangukia kisima. Kraepelin aliandika juu ya udhaifu wa akili zaidi ya nusu karne kabla ya dawa hizi kuwapo. Upungufu wa kumbukumbu umepimwa kwa vijana walioanza tu kuugua, ambao hawajameza hata kidonge kimoja. Kwa wengine dalili zake huonekana shuleni miaka kadhaa kabla ya sauti ya kwanza, kijana aliyekuwa wa tano darasani anakuwa wa arobaini na hakuna anayejua kwa nini. Hata ndugu wa damu wasiougua wakipimwa huonekana kuwa nao kwa kiwango kidogo. Ugonjwa wenyewe ndio unaogusa kumbukumbu. Dawa zinaweza kuongeza uzito, ila mzigo ulikuwapo. Na anayekatiza dawa ghafla hujiweka katika hatari kubwa ya kurudi kule alikotoka, safari hii akiwa na deni la mashamba yaliyouzwa kwa matibabu. Nisisahau vileo vya uraka na gongo, ambavyo msimu wa mabibo viko kila kona. Vinaharibu kumbukumbu ya kila mtu, na kwa mwenye ugonjwa huu vinaharibu mara mbili.

Sasa kufundisha. Mwaka 1994 Waingereza Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba watu waliopoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Sababu yake inaeleweka. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri akikosea, anakumbuka kwamba lile lilikuwa kosa, na kosa linamfundisha. Mwenye kumbukumbu dhaifu hakumbuki kwamba alikosolewa, lakini mkono wake umeshika kile ulichokifanya. Kosa ndilo linalobaki. Robert Kern na wenzake huko Los Angeles waliichukua mbinu hiyo kwa wenye skizofrenia, wakawafundisha kazi ndogo za ajira kama kupanga kadi na kuunganisha vifaa vya tangi la choo, hatua moja baada ya nyingine, kila hatua ikiwa rahisi kiasi kwamba kukosea ni vigumu. Waliofundishwa hivyo walifanya vizuri kuliko waliofundishwa kwa njia ya kawaida ya kuelezwa, kujaribu na kusahihishwa.

Nalileta hilo kwenye mkeka wa kuchambulia korosho. Namna yetu ya kawaida ni kumwagia mtu gunia zima, kumwambia "za daraja la kwanza huku, za daraja la pili kule", kisha kumfokea kila anapochanganya. Kwa mgonjwa anza na korosho kumi ambazo hata mtoto angezijua, nzito, ngumu, zinazong'aa, aweke zote upande mmoja. Rudia mpaka mkono uzoee uzito wake. Kesho ongeza mbili zilizosinyaa kabisa. Zile za katikati, ambazo hata sisi tunabishana juu yake, zingoje wiki kadhaa. Akisita, mwonyeshe kabla hajakosea. Usimwambie abahatishe. Sentensi hiyo moja, "jaribu kubahatisha", ambayo walimu tunaipenda sana, kwa mtu huyu ina madhara.

Nikiyatafakari haya hunijia mambo ya jandoni. Manyakanga hawamwambii mwali jambo mara moja wakaondoka. Kila fundisho lina wimbo wake, wimbo una hatua zake za mguu, unarudiwa jioni hadi jioni mpaka mtu anaamka nao mdomoni. Wazee wa Kimakonde, Kimwera, Kimakua na Kiyao ambao hawakusoma hata darasa moja walijua kwamba neno lililofungwa kwenye mwendo na mahadhi halipotei ovyo. Tuchukue hilo. Jandoni kuna pia fimbo na mafumbo ya kumtega asiyejua ili aaibike, na hayo tuyaache huko, kwa sababu ndiyo yanayompandia kosa mtu asiyeweza kuling'oa.

Nimepingwa kwamba mambo haya ni ya nchi zenye kompyuta na wanasaikolojia, na kwamba Lindi na Mtwara tuna shida ya kupata hata dawa zenyewe. Ni kweli mafunzo mengi ya kuimarisha kumbukumbu yamefanywa kwa kompyuta. Ila mwaka 2021 Antonio Vita wa Italia na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 130 zenye washiriki 8,851. Faida ilikuwepo, ya kiasi kidogo hadi cha kati, sitaki mtu atarajie muujiza. Faida iliongezeka pale palipokuwa na mtu aliyefunzwa akimwongoza mgonjwa ana kwa ana, akimfundisha mbinu za kukumbuka, na mafunzo yakiambatanishwa na stadi za maisha halisi. Tena waliosoma miaka michache na wenye dalili nzito walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Mimi nikisoma hapo naona watu wetu. Mtu anayeongoza tunaye, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Kazi halisi tunayo, kuanzia palizi hadi kuanika. Kinachokosekana ni kumfundisha mhudumu huyo jambo hili moja, na halihitaji umeme.

Pingamizi linaloniumiza ni la uchovu. Kuanzia Septemba hadi Desemba kila mwenye mikono yuko shambani, na kumwambia mama mjane akae na mwanawe juu ya korosho kumi wakati mabibo yanaozea chini ni kumwomba kitu kikubwa. Sina jibu la kumpunguzia mzigo huo. Naweza kusema tu kwamba kugombana kila siku juu ya agizo lilelile kunakula muda pia, na muda huo haurudishi kitu. Mjomba wetu aliongeza kwamba kumshika mtu mzima vidole ni kumfanya mtoto. Nililipima hilo. Kumfanya mtoto ni kumnyang'anya kazi. Kumpangia kazi ili aimalize mwenyewe ni kumrudishia utu uzima.

Kuna madirisha ya dawa ambako nimesimama nyuma ya wagonjwa nikasikia: "Hii moja asubuhi, hizi mbili jioni, nyeupe nusu, sindano tarehe kumi na nne, haya, anayefuata." Sekunde chache, kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni huohuo wa kutopokea maneno ya haraka. Akishindwa kumeza sawasawa anaandikwa kuwa mtoro wa dawa. Kwa kadirio la Shirika la Afya Duniani, karibu mtu 1 kati ya 300 duniani ana skizofrenia. Mikoa yetu miwili ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.8 katika sensa ya 2022, na hata ukipunguza hesabu kwa kuwa wengi wetu ni watoto, bado wanabaki maelfu wanaopita kwenye madirisha ya namna hiyo. Kuchora jua na mwezi kwenye pakiti hakuna gharama. Kumwambia mgonjwa arudie kwa kinywa chake kabla hajaondoka hakuchukui dakika. Vidonge vya jioni vifungwe kwenye jambo lisilosahaulika, adhana ya magharibi kwa mwenye kuswali, kengele ya kanisa kwa jirani wa misheni ya Ndanda. Huko Texas, Dawn Velligan na wenzake walijenga utaratibu mzima wa kupanga nyumba ya mgonjwa ili nyumba yenyewe imkumbushe: alama ukutani, nguo za siku mahali pamoja, dawa kwenye kisanduku cha siku. Nyumba ya udongo ya Nachingwea ina ukuta na misumari kama nyumba nyingine yoyote.

Na kwenye mizani ya korosho, mtu asiyekumbuka kilo alizotajiwa ni rahisi kupunjwa. Awe na daftari lake, uzito uandikwe mbele yake, na ndugu mmoja asimame naye.

Shangazi nilimjibu kuhusu ile dawa ya Marekani, nikamweleza pia habari ya benzhexol, naye atauliza siku ya kliniki. Sabuni sasa ina wimbo wake mfupi, ameutunga mwenyewe, na kijana akifika dukani huuimba kwa sauti ya chini kabla ya kutaja vingine. Kwenye mkeka anachambua rundo la daraja la kwanza peke yake. Mjomba ndiye anayempelekea makapu, na siku hizi humwaga kidogokidogo. Zile korosho za katikati tumekubaliana zingoje msimu ujao.